Fundo kwenye Uzi Mwekundu

"Si kifua kikuu," alisema Daktari Hamazaki,
"ni nduguye wa mbali. Huyu haambukizi mtu."
Fusae akavua barakoa, akaikunja mara nne,
akauliza kama mtu anayeulizia deni:
"Sasa mimi nimempata wapi?"
Majini, mama. Udongoni. Kwenye bomba la kuogea.
Nani ajuaye? Labda katika mvuke wa karakana
alikoinamia hariri miaka arobaini na miwili
akiipaka maua ya plamu, petali moja, pumzi moja.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa: vidonge mezani
kabla theluji haijafagiliwa mlangoni.
Klarithromaisini huacha ladha ya sarafu ulimini;
supu ya miso ikawa kama imechemshiwa misumari.
Rifampisini hupaka mkojo rangi, na jasho, na machozi:
siku tulipomzika dada yake
leso ilitoka usoni na madoa ya chungwa,
naye, katikati ya kilio, akaitazama kwa jicho la fundi:
"Rangi hii sijawahi kuipata chunguni."

Lakini ethambutoli ndiyo tuliyoiogopa.
Inapigana vizuri, hiyo; ila ina mkono mrefu,
huweza kuingia jichoni ikaiba nyekundu,
ikarudi kesho kuchukua kijani,
na mwenye nyumba asisikie mlango.
Hospitali walimpima macho kila mwezi. Mwezi!
Fusae hakusubiri mwezi.
Alikata nyuzi mbili, akanipa nizishike dirishani
kila asubuhi ya dawa, kabla ya maji.

Alimchagua mtu mbaya. Mimi, tarishi mstaafu wa posta ya Kanazawa,
nilizaliwa bila kuzijua rangi hizo mbili;
kwangu zote ni chai iliyolala.
Kwa hiyo akafunga fundo dogo kwenye uzi mwekundu,
nilipapase kwa kidole gumba, kwa nyuma, yeye asilione.
"Nyekundu iko kushoto," husema.
Napapasa. Lipo. Anameza.

Mwezi wa saba makohozi yakarudi safi.
Nilikuwa nimeshanunua samaki wa sherehe.
Daktari akageuza kalenda: "Vizuri. Sasa
ndipo tunapoanza kuhesabu miezi kumi na miwili."
Sasa? Na ile saba tuliyoipanda kwa magoti?
"Ile ilikuwa ya kufika mlangoni."
Fusae akacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akaketi.
Samaki tulimla hivyo hivyo. Kwake alikuwa sarafu.

Leo theluji tena. Nimeshika nyuzi.
Ananyamaza muda mrefu kuliko juzi,
na moyo wangu wote umehamia kidole gumba.
"Kushoto," anasema mwishowe. Lipo.
"Nilikuwa nakutazama wewe. Kwani wewe huona nini hapo?"
Fundo, namwambia.
Naona fundo.