Saa Nane Usiku, Kawanda

Adriko anagonga dirisha kwa ncha ya rungu,
mara mbili, si zaidi:
"Dada, nane imefika."
Kiswahili chake cha kambini kimekazwa kama kamba ya hema.
Namjibu kwa hichohicho,
maana Kilugbara sikijui, na Kiganda yeye hukitafuna tu.

Nawasha taa ya kijani, hafifu,
ambayo maharage hayaioni sawasawa.
Siku ya pili hii hayajaonja jua.
Nimeyafungia kabatini makusudi,
kama mtu anayemjaribu mwenziwe:
usiponiona, utanikumbuka saa ngapi?

Majani yameinamisha viganja.
Nani ameyaambia kuwa huko nje ni usiku?
Natoboa kiduara, upana wa kifungo cha shati la mtoto,
nakizamisha katika naitrojeni inayofuka
kama chungu kilichochemka kwa baridi.
Hapo jeni zinaganda zilivyo,
neno mdomoni, mguu hewani.

Nitazisoma mwezi ujao, mashine ikipona.
Najua nitakachokuta.
Ipo ya alfajiri, inayoanza kunakiliwa gizani,
kuku hajajikuna bado:
inaandaa rangi, inapanga vyombo vya sukari,
inamtandikia mgeni ambaye bado yuko Kenya,
hajaupanda hata Mlima Elgon.
Ipo ya jioni, iliyobanwa koo mchana kutwa na mwenzake
hadi mwenzake achoke.
Nilipomweleza Adriko, alicheka:
"Hao ni walinzi, dada. Wanapokezana zamu.
Ila wao hawasinzii."

Mwongozo ulioletwa kutoka ng'ambo unaagiza
hesabu ianze mapambazuko:
mwanga ukitoka ni sifuri, ikipita saa ni moja.
Daktari aliturudia mara tatu ili tuelewe.
Tukatazamana, mimi na Nabukeera wa zamu ya mchana.
Ikipita saa tangu mwanga, ni saa moja!
Hilo hata muuza rolex wa getini analijua,
na mikono yake imejaa unga.
Mshale ukutani unaonyesha saba, sisi tunasema moja,
na jani, kumbe, liko upande wetu.

Nane na robo.
Nafunga friji, nakaa kwenye stuli.
Ndipo kifua kinapoanza:
kwanza mwasho, halafu kukaza, halafu joto,
halafu koti jeupe lina madoa mawili.

Saa hii ndiyo Nabbosa wangu alikuwa akiamka.
Wiki ya pili sasa yuko Masaka kwa mama,
anakunywa maziwa ya ng'ombe kwa kikombe
na kulala, naambiwa, usiku kucha bila kugeuka.
Mama alinipigia simu kunipa habari hiyo njema.
Nikasema asante. Nikakata.
Mtoto ameshaisahau nane.
Mwili wangu haujapata ujumbe,
unatandika meza, unaita,
unamwaga.

Nakamulia kwenye sinki,
kando ya vichupa vilivyooshwa.
Hatua za Adriko zinakaribia dirishani,
zinasita,
zinageuka kuelekea migombani.
Anakohoa kwa mbali ili nijue hakuona.

Kumi na mbili. Nafungua tena kabati.
Giza ni lilelile la juzi,
hakuna ufa, hakuna mwali.
Majani yameinuka,
yamekunjua viganja kuelekea mahali
ambapo jua lingekuwa.

Daftari lina safu ya saa,
safu ya namba ya kichupa,
na safu nyembamba ya maoni.
Kalamu inakaa hapo muda mrefu.
Naandika: kawaida.