Mkono Niliofuta

Nilivuka Barabara ya Jogoo nimembeba mgongoni,
Zablon Asava, kafungwa shuka la kitandani kwangu.
Mwenye pikipiki alikuwa amekataa:
"Kioo hicho, bosi, kikivunjika nitalipa na nini?"
Basi nikatembea,
nikimwomba radhi kila pembe ya fremu iliponigonga kisigino.

Sikuwahi kumsikia akikohoa.
Lakini wiki tatu nimeishi naye Ngara,
juu ya kibanda cha fundi redio.
Naijua mishipa miwili ya kipaji cha uso wake.
Najua jicho la kushoto lilitangulia kucheka,
la kulia likafuata shingo upande.
Koti lake nililipaka rangi mara nne
hadi likakubali kuwa la mtu, si la dukani.

Picha waliyonipa ilitoka kwenye simu ya bintiye, Kageha:
siku ya mahafali, watu wamebanana,
yeye kainama kidogo upande mmoja
na begani pake mkono usio na mwenyewe,
umekatwa na ukingo wa picha.
Niliufuta.
Tena nilijisifu, sifichi. Nililishona bega upya,
uzi kwa uzi, hata ungeleta darubini
usingejua palikuwa na vidole.

Jericho. Mlango wa kijani.
Viti vya plastiki bado vimepangwa ukutani
tangu matanga; labda mwenyewe hajavifuata,
labda hawataki kuona sebule ilivyo pana.
Shemeji Mudaki alinihesabia salio kwa sauti,
noti ya mwisho akaichelewesha kidoleni,
akaniandikia risiti.
Ndipo nikavua shuka.

Kimya.
Mchoraji hukisikiliza kimya hicho
kama makanika anavyosikiliza injini:
kipo cha "siye", kipo cha "ndiye".
Kageha akasema "Baba,"
kama anayeitika, si kama anayeita.
Mtoto mmoja akauliza kama babu atakula nasi.

Mama Esnas akatoka jikoni, mikono ina unga.
Akayatazama macho, akayapita.
Akaitazama tai, akaipita.
Akafika begani, akasimama hapo.

"Mkono wangu uko wapi?"

Nilidhani sikusikia.

"Siku ile hakuwa akisimama sawasawa. Sukari ilishaula mguu.
Nilimshika hapa, asije akaanguka mbele ya walimu wa mtoto.
Sasa umeutoa mkono.
Huyu ameegemea nini?"

Nikamtazama mtu wangu wa wiki tatu.
Ule mwinamo nilioudhani madaha
ulikuwa uzito.
Nilikuwa nimemwegemeza hewani, na koti zuri.

Mudaki akasema tusimsumbue fundi,
picha ni nzuri, pesa imeshatoka.
Sikumjibu. Nikachomoa penseli sikioni,
nikaigeuza risiti yake upande usioandikwa.
"Mama, nionyeshe ulivyomshika."

Hakuufuta unga.
Aliuweka mkono begani kwa Kageha,
kidole gumba nyuma, vinne mbele,
kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo.
Na Kageha, mtu mzima, karani wa benki,
akainama upande mmoja.

Nilichora haraka, nikichelea wasichoke.
Hawakuchoka.
Kidole cha pete kimevimba kifundoni,
pete haitoki hata kwa sabuni.
Kucha fupi. Kovu la mafuta ya moto.
Nilimaliza, nikajifanya bado nachora.

Nilipoinuka kuifunga picha niondoke nayo
alitikisa kichwa.
"Leo atalala hapa.
Njoo Jumamosi na rangi zako.
Mkono utaukuta."

Mvua ilinikuta kwenye Barabara ya Jogoo,
mikono mitupu, risiti kifuani isilowe.
Nikajitanda shuka.
Lilikuwa langu, lakini lilinuka rangi ya koti lake.