Ramani ya Saba

Ramani ya kwanza Nolasco aliichora nyuma ya risiti ya dizeli,
foleni ya kivuko ikiwa haisogei:
kisanduku kimoja, ndani yake visanduku vinne.
Nikamuuliza, hii ni nyumba ama banda la kuku?
Akacheka, akaikunja,
akatafuta risiti nyingine mfukoni.

Sasa tumefika ya saba,
juu ya karatasi ya miraba niliyoichana
kwenye daftari la hesabu la binti yetu.
Mraba mmoja, nusu mita.
Kifutio kimebaki kama punje ya mahindi
na kuta tulizozifuta hazikufutika sawasawa:
ukiinua karatasi kwenye taa
unaona nyumba sita zinapumua chini ya hii moja.

Hapa Chiloé jua huja kutoka kaskazini.
Tatizo ni kwamba dhoruba nayo hutokea huko huko.
Dirisha kubwa la kaskazini litatupa joto la Julai,
yaani zile siku tatu za Julai ambazo jua hukumbuka njia;
siku zilizobaki tutakuwa tunakamua mapazia.
Nalichora pana. Nikiamka
nakuta limepungua mraba mmoja.
Naurudisha. Hatusemezani.

Nashinda kiwandani nikichomoa miiba ya samoni,
vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu,
kichwani napanga stoo:
viazi chini, tufaha juu, mabuti mlangoni,
makoti pale yatakapochuruzika bila kumkera mtu.
Jiko la kuni katikati, hilo halina mjadala.
Sebule iwe ndogo. Nani hukaa sebuleni?
Hata padri akija hupitiliza jikoni.

Mama mkwe, Zunilda, hakutia neno.
Ramani ya pili, kimya.
Ya tano, kimya, anamenya viazi,
anatutazama kama watoto wanaopika mchanga.

Jumapili mvua ilipovuta pumzi
akatoka na kamba, na vigingi ndani ya aproni.
“Nipeni hiyo nyumba yenu.”
Tukaitandika kiwanjani, juu ya majani mabichi,
kila mraba ukavimba ukawa nusu mita kweli.
Akaingia kwa kupitia mlangoni.
Hakuruka kamba hata moja.
Akabeba sufuria tupu toka jikoni hadi mezani,
akahesabu hatua kumi na moja.
“Mchuzi utafika umepoa.”
Akasukuma mlango wa bafu, mlango usiokuwepo,
na Nolasco, aliyesimama penye jiko,
naapa nilimwona akijisogeza usimgonge.

Kisha akasimama kwenye korido,
akageuka huku, akageuka kule,
mikono ameinyoosha, anapima kitu kirefu
tusichokiona.
“Jeneza halikati kona hii.”
Alisema hivyo hivyo tu,
kama mtu anayesema chumvi imekwisha.
“Mnataka mnitolee dirishani, kama godoro?”

Nolasco akakohoa.
Maitén akataka kujua jeneza ni miraba mingapi.
“Minne,” bibi yake akamwambia,
“na wabebaji nao wana viwiko.”

Usiku ule televisheni haikuwashwa.
Tulimega mraba mmoja kwenye kabati langu la nguo,
nusu nyingine bafuni,
mlango wa bafu ukafungukia nje.
Korido ikapanuka.
Itapita baiskeli, yatapita magunia ya viazi,
itapita meza ya harusi ya Maitén, akitaka harusi.
Cha kwanza kupita hatukukitaja.
“Na dirisha?” nikauliza.
“Liache,” akasema Nolasco, akazima taa.

Asubuhi dirisha lilikuwa pana vile vile.
Ila ndani ya chumba cha Zunilda
mtu alikuwa amechora kitu, kwa kalamu ya wino,
wino usiosikia kifutio:
kiti, kimetazama kaskazini.
Au labda ni kuku.
Mama mkwe hajui kuchora.