Boga na Vipande

Mke wangu yuko matangani Tandahimba, siku ya tatu leo,
na jiko nimeachiwa mimi, fundi wa kujenga,
ninayejua karai ngapi za mchanga kwa mfuko mmoja wa saruji
ila chumvi naikadiria kwa kuogopa.

Jumanne mama aling'olewa meno mawili ya mwisho.
Amekaa kwenye kigoda, kitambaa mdomoni,
analitazama boga kama anavyomtazama mdaiwa wake.

Nalipiga panga. Panga linanasa.
Boga la kiangazi la hapa Newala lina ganda la kibubu:
mpaka ulivunje ndipo litoe,
na likitoa, mbegu zinamwagika kama sarafu.
"Uchichupe," mama asema kupitia kitambaa.
Situpi. Nazianika kwenye ungo, nafukuza kuku.

Maji kikombe kimoja tu. Ndoo imepanda bei tena,
na boga, ukiliamini, lina maji yake lenyewe.
Nafunika sufuria kwa sahani ya bati,
juu ya sahani jiwe,
nasikiliza mpaka sauti ya kuchemka inakuwa nzito,
sauti ya mtu anayeongea huku anasinzia.

Sasa korosho.
Blenda niliyoinunua Masasi kwa mbwembwe
imelala kabatini; umeme umekatika tangu adhuhuri.
Kinu chetu kiko kwa Somoe, anatwangia kisamvu.
Nakifuata, nakioshea huko huko kwake,
bado kinanuka majani mabichi.

Naloweka, natwanga, natia maji ya vuguvugu kijiko kijiko.
Chengachenga zinakuwa unga, unga unakuwa uji,
uji unakuwa tui zito linalong'ang'ania mchi.
Kila mchi unapotua, mama anafumba macho.
Nadhani ni fizi.

Siyo fizi.
Miaka kumi na tisa alibangua korosho kiwandani,
utomvu ukamla ncha za vidole,
weusi wake haujatoka kwenye kingo za kucha hata leo.
Nzima zilipimwa, zikaandikwa, zikasafiri.
Iliyovunjika ilikatwa kwenye ujira.
"Nikivunja moja," alikuwa akituambia,
"nimevunja kijiko cha unga wenu."
Nyumbani tulikula vipande vya kuungua,
navyo kwa sikukuu.

"Hizo ni vipande?" auliza sasa.
"Vipande, mama."
"Vyote?"
"Vyote."
Somoe, aliyekuja kudai mchi wake, anaangalia kinuni,
anaangalia karatasi ya dukani pale chini,
anakohoa kidogo, anaondoka bila mchi.

Boga limeiva. Naliponda kwa kitako cha upawa,
navuta nyuzi kwa uma, nyuzi ndizo zitakazomkera.
Kitunguu nimekaanga mpaka kimelegea,
namimina tui, nakoroga upande mmoja tu,
kama alivyokuwa akikoroga yeye, sijui kwa nini.
Rangi inatoka kwenye moto kwenda kwenye asubuhi.
Upawa unaacha njia, njia inajifunga polepole:
hapo ndipo pa kuepua.

Sisi wengine tumelila pembeni ya ugali wa muhogo na mchuzi wa pweza.
Yeye limekuwa mlo mzima, ndani ya bakuli la bluu.

Kijiko cha kwanza anakiacha ulimini muda mrefu.
Mtu asiye na meno hana haraka ya kumeza.
Kisha ananitazama.
"Liwaka. Nzima zilikuwa ngapi?"

Ningeweza kusema duka halikuwa na vipande. Ni kweli, halikuwa navyo.
"Kama hamsini," nasema.

Anahesabu kitu kwa kidole gumba,
kwenye pingili za vidole, harakaharaka,
hesabu ya zamani ambayo mkono haujaisahau.
Anaiacha katikati.

"Chumvi imepelea," asema,
na kwa kidole kile kile cheusi
anaanza kukomba ukingo wa bakuli.