Hatua Tatu

Kwetu Chiloé Kwaresima huja majani yakipukutika.
Vitabu vya sala vinasimulia machipukizi,
theluji kuyeyuka, ua la kwanza;
sisi tunapakwa majivu huku matofaa yakiozea chini ya mti
na nyigu wamelewa.

Katekista Delfín, mlinzi wa kigango chetu,
alinipaka kwa kidole gumba chenye harufu ya kitunguu saumu.
U mavumbi, Eduvigis.
Najua, nikajibu kimoyomoyo, najua,
nikarudi nyumbani nikaacha sukari.

Kila mwaka naacha sukari.
Nanywa chai chungu kibuyuni kwa bomba la bati,
nakunja uso kidogo ili nionekane,
na Pasaka ikifika natia vijiko vitatu,
nimerudi pale pale,
kama aliyepiga makasia usiku kucha
na kamba hakuifungua.

Mwaka huu uchungu ulikataa kukaa mdomoni.
Siku ya tisa ukashuka kifuani.
Siku ya kumi na mbili ukanivuta hadi dirishani,
ukaweka kidole kwenye kioo:
pale.

Pale ni uzio.
Nguzo ishirini na saba za mluma,
mti mgumu, hauozi upesi, nao unakumbuka.
Kaka yangu Belarmino alikuwa hospitalini Castro, mapafu yamejaa maji,
nami nilikuwa mjane wa miezi miwili, nina koleo na hasira.
Nikazisogeza hatua tatu upande wake.
Hatua tatu tu! Mistari minne ya viazi.
Aliporudi alisimama, akapima kwa macho,
akaingia ndani akafunga mlango taratibu.
Ule utaratibu ndio ulioniumiza.

Miaka kumi na moja
tumepeana amani ya Kristo kwa ncha za vidole.

Nimeungama mengi mbele ya mapadre watatu:
ulimi wangu, uvivu, kuku wa jirani niliyempiga jiwe.
Uzio sikuutaja.
Mficha uchi hazai, nami niliuficha hata katika sala,
namzungusha Mungu shambani kwa mlango wa nyuma
asije akauona upande ule.

Basi, Jumatatu ya juma la tatu, nikachukua koleo.
Usidhani malaika alinitembelea.
Kilichonitembelea ni mgongo.
Nguzo ya kwanza ilikula asubuhi nzima.
Ya tano nikamchukia Belarmino upya, kwa bidii,
kwa sababu ya pazia lake lililotikisika.
Ya nane niliing'oa, nikairudisha ilipokuwa,
nikaketi kwenye tope nikalia kama mtoto aliyenyimwa,
kisha nikaing'oa tena.
Wanaosema kutubu ni kugeuka
hawajasema kwamba unageuka na nguzo mabegani,
kwamba shimo la zamani limejaa mizizi
na ardhi imeshamsahau mwenyewe.

Ijumaa Kuu mvua ilinyesha ya kulala chini.
Nilikwenda Njia ya Msalaba nikiwa na kucha nyeusi.
Katika kituo cha tano, Simoni anapolazimishwa kubeba,
macho yangu yalikwenda benchi la mbele,
kwenye shingo ya kaka yangu:
imekonda. Lini imekonda?

Jumamosi asubuhi nilikuta mtaimbo
umeegemezwa kwenye nguzo ya ishirini na moja.
Mtaimbo wa baba, ule aliorithi yeye.
Hakuna mtu. Pazia halikutikisika.
Chuma kilikuwa baridi, ila pale pa kushikia
palikuwa pamekauka.

Pasaka imenikuta sijamaliza.
Zimebaki nguzo nne, na ule uzio umepinda katikati
kama mtu aliyesitishwa akiwa anageuka.
Nimerudi kutoka misa, nimechemsha maji,
nimekunywa hadi bomba likakoroma kwenye kibuyu kitupu,
ndipo nikakumbuka
sukari.

Huku machipukizi ni Septemba.
Kesho, mvua ikikatika,
nitaanza na ile ya pembeni, karibu na mlango wake.