Siku ya Wakaguzi

Juu ya duka la mabati, mtaa wa Maweni, orofa ya pili:
madarasa manne, choo kimoja,
ufunguo wake kwa Bi Nyevu wa jikoni,
na maktaba, yaani kabati moja na mimi.

Fomu yataka vitabu mia tano.
Ninavyo mia tatu na kumi na viwili
ukihesabu na kile cha namba za simu cha mwaka wa tisini na sita,
nami nakihesabu.

Mkurugenzi Shebwana ana siku tatu hajalala.
Ngazi kaipaka buluu, haijakauka.
Kizima-moto kaazima hotelini kwa Mtaliano,
viti kwa wapambaji wa harusi, vingine bado vina utepe,
na usiku, kutoka chuo cha Kilifi, kwa bodaboda,
kikaja kiunzi cha plastiki kimevishwa leso,
kimemkumbatia dereva njia nzima.

Saa nne wakafika. Bi Kerubo, raba miguuni, kalamu mbili.
Alishika ukuta wa ngazi, akatazama kidole chake cha buluu,
hakusema kitu.
Choo alikipigia hodi.
Maabarani akauinua mkono wa kushoto wa kiunzi,
kidole cha mwisho kimefungwa plasta.
"Shikamoo, mzee. Si juzi tu tulionana Kilifi?"

Stima ikakatika, kana kwamba nayo imeona haya.

Ndipo Mbeyu, mwaka wa pili, akasimama bila kuitwa.
"Hatujawahi kuwa nacho, madamu. Tumesoma kwa kushikana."
Akamvuta Tsofa kwa shati mbele ya watu,
akawa anamgusa: mtulinga. Kiwiko. Fupaja.
"Mbavu zake twazijua zote, kwa ule wembamba wake.
Twazihesabu tangu mwaka jana."
Tsofa, anayetekenyeka, akajikunja kwa kicheko.

Bi Kerubo aliandika kwa kitambo kirefu.

Barua imekuja na mvua za Mei:
usajili wa muda, miezi sita;
choo cha pili kijengwe; vitabu; kiunzi kinunuliwe.
Mkurugenzi ameitia fremu,
na ukingo wa fremu, kwa bahati tu,
umeyalalia yale maneno "wa muda".
Kabla hajaitundika nimeiingiza daftarini:
namba mia tatu na kumi na tatu.

Mbeyu hunipitia kila asubuhi, huniuliza
kama cheti chake kitatambulika hata Nairobi.
Namwambia arudishe kitabu.
Amekaa nacho tangu Januari.