Milimita Tatu

Futi niliyokwenda nayo Chuno ilikuwa ya marehemu baba,
namba zake za mwanzo zimefutwa na vidole vyenye saruji,
kindoano cha mbele kinachezacheza.
Nilikiona. Nikakiita urithi.

Siku ya kwanza Fundi Nandonde hakutupa msumeno.
Alilaza ubao mmoja chini, akasema: pimeni kwa dhiraa.
Likapa akapata tano.
Mimi nne na shubiri.
Shaweji, aliyeumbwa kama nguzo ya umeme,
nne tu, na kucha ikabaki nje.
"Haya. Huyu atengeneze ukuta, huyu dirisha, huyu mlango,
kila mtu kivyake, msionane.
Nani atalala humo?"
Tulicheka. Yeye alikuwa anasubiri jibu.

Kisha akatupeleka kwenye kalibu ya chuma.
"Dhiraa yetu ni hii. Haina bega, haina ukoo.
Mia ndiyo mama. Paneli mia sita,
mlango mia tisa, kimo elfu mbili na mia nne.
Asiye mtoto wa mia haingii nyumba hii."

Kwetu Mahuta hatukujenga hivyo.
Nguzo ikizidi, panga lilikuwa karibu.
Ikipungua, udongo mwekundu uliziba na kunyamaza.
Udongo husamehe.
Hilo nililijua kabla sijajua kusoma,
na ndilo lililoniponza.

Novemba, wodi ya wazazi, ng'ambo ya Nanyamba.
Usiku ule kalibu ilikuwa na foleni;
nikakata fremu za upande mrefu kwa futi ya baba,
kumi na mbili, safi, zinang'aa,
na kila moja nikaipiga chapa: SOMOE M.

Paneli ya kwanza ikakaa. Ya pili. Ya tano
ikaomba nyundo kidogo, tukaipa.
Ya nane ikaomba tena.
Ya kumi na mbili ikasimama mbele ya nafasi yake
kama mgeni aliyekuta kiti kimekaliwa.
Wanawake waliokuwa wakibangua korosho kivulini
wakaacha kubangua.
Mwenye lori akasema: kateni kidogo tu, mawingu yale pale.

Nandonde akaweka spana chini.
"Mkiikata leo, siku ikivunjika
tutaletewa nyingine ya namba ileile, na haitaingia,
na mtu ambaye bado hajazaliwa
atasimama hapa hapa akikuna kichwa.
Fungueni."
Bolti arobaini na nane,
kwa mikono ileile iliyozikaza.

Karakana hakuniuliza kitu.
Alilaza futi ya baba juu ya kalibu, akaniachia taa.
Milimita tatu. Unene wa ganda la korosho.
Zidisha kwa kumi na mbili:
upana wa vidole viwili vya mkunga.
Nilikaa nayo mpaka mbu wakanishiba.

Tukazirudisha kalibuni moja moja.
Chapa ya jina langu ilikuwa kwenye ncha iliyozidi;
ikaanguka na vumbi la chuma.
Mvua ilitukuta tunafunga bati la mwisho,
Shaweji juu, anatukana mbingu kwa Kimakonde.
Ukuta ulikuwa umeshaingia.

Likizo nilikwenda kwa mama na futi mpya.
Nikapima mlango wa nyumba yetu, sijui kwa nini.
Uliwekwa kwa kimo cha mjomba Chihimba,
mfupi, lakini ndiye aliyekuwepo siku ile;
tangu hapo ukoo mzima unainama.
Elfu moja mia tano na kumi na mbili.
Nikapima tena. Na kumi na mbili.
Mama akatoa kichwa: "Umekosewa?"
Nikaandika namba kama ilivyo,
nikainama, nikaingia.